Doña Obdulia na Ngazi ya Vurugu

"Futa hilo neno," Doña Obdulia alimwambia msimamizi wa soko, na kidole chake kilikuwa kimeshagusa karatasi. "Hiyo haikuwa vurugu ya kuitwa follón. Ilikuwa lío. Na wewe mwenyewe unajua ilikuwa lío, ila kalamu yako inakimbia kuliko kichwa."

Msimamizi, Don Saturio, akasema ngisi alirushwa. Doña Obdulia akasema hakurushwa, aliteleza. Don Saturio akauliza ngisi anatelezaje kutoka juu ya barafu mpaka ndani ya kofia ya mtu. Akaambiwa kwamba kama angewahi kushika ngisi hata siku moja katika maisha yake asingeuliza swali la namna hiyo.

Meza yangu ya zeituni na achari inatazamana na meza ya samaki, kwa hiyo kila kinachotokea pale nakiona, nitake nisitake. Yule ngisi hakurushwa wala hakuteleza. Nicanor, muuza samaki wetu, alikuwa anamtikisa hewani kuonyesha alivyo mbichi, akamponyoka. Lakini hakuna aliyeniuliza, na wale wawili walikuwa wameshapamba moto.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ijumaa ile Tomasa, mjane wa fundi viatu, aliegemeza mwavuli wake kwenye meza ya samaki umshikie nafasi, akaenda kununua mkate. Mke wa mwokaji naye akaacha kapu lake pembeni ya mwavuli, yaani yeye anaufuata mwavuli. Mvua ikaanza. Mtu mmoja, na hadi leo hajajitaja, akauona mwavuli umekaa bure, akauchukua akaenda nao kwake. Tomasa aliporudi na mkate alikuta nafasi yake imeondoka kwenda nyumbani kwa watu. Kapu likadai sasa ndilo la kwanza. Tomasa akadai hawezi kutanguliwa na kapu. Hapo ndipo ngisi alipopaa.

"Kwenye follón lazima watu watatu wawe wamekasirika," Doña Obdulia alisema. "Mimi nilihesabu. Tomasa alikasirika, wa pili mwenye kapu. Nicanor alikuwa anacheka. Anayecheka hahesabiwi."

Don Saturio alivuta pumzi ya mtu mwenye gesi tumboni, akakata neno follón, juu yake akaandika lío. Akaongeza kwamba hii ni mara ya mwisho. Krismasi ilikuwa imebaki wiki tatu, mashine imeshanunuliwa, iko ndani ya boksi chini ya ngazi za soko, na follón moja tu, hata iwe ndogo kiasi gani, itaitoa kwenye boksi.

Sasa hiyo mashine. Pale Valdecardos foleni yetu haina mstari. Unaingia sokoni, unauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Wa mwisho anainua kidole anasema, "Mimi." Unaukariri uso wake, basi, umeshapanga foleni. Baada ya hapo uko huru. Kaa juu ya kreti, kapige soga kwa muuza mayai, kanywe kahawa ng'ambo ya uwanja, mradi usiusahau ule uso na anayekuja baada yako umjibu. Watu ishirini wametawanyika soko zima kama kuku, na kila mmoja anajua yuko nyuma ya nani. Mgeni akituona anafikiri tumekosa malezi. Don Saturio, aliyetoka makao makuu ya mkoa na suti mbili, ndivyo alivyofikiri. Yeye alitaka mashine ya kutoa vinamba, uchomoe kikaratasi kama ulimi wa paka, usimame, usubiri namba yako iitwe.

Mkutano wa wenye meza ulifanyika Oktoba. Nusu walitaka mashine, nusu hawakutaka, na wale waliotaka waliandika kwamba ikitokea "fujo" nyingine mashine iwekwe. Doña Obdulia hana meza sokoni, hakualikwa, lakini alikuwepo. Akasimama akasema fujo si neno, fujo ni gunia. Andikeni fujo gani. Wakabishana saa nzima, mwishoni wakaandika follón, wakapiga mhuri ili aketi. Yeye ndiye aliyeuchagua huo mtego na kuupima upana. Alikuwa na uhakika kwamba chini ya macho yake haitatokea follón ng'o.

Nieleze basi ni mtu wa namna gani, kwa sababu ukimsikia tu hivi utadhani ni mwanamke asiye na kazi. Ni kweli hana, lakini amefika huko kwa njia yake.

Alizaliwa wa saba kati ya tisa, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, na viatu vya watoto wote tisa vililala kwenye kapu moja mlangoni. Anayechelewa kuamka anavaa vilivyobaki. Obdulia alisoma darasa la kwanza lote akiwa na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Bibi yake, ambaye hakujua kusoma, alikuwa na maneno mengi ya kuitia vurugu kuliko aliyokuwa nayo padre ya kuitia dhambi, na kila asubuhi alisimama juu ya lile kapu akiita vurugu ya siku hiyo kwa jina lake. Mtoto akayashika yote, akayapanga kwa ukubwa kama sufuria.

Chini kabisa ni lío, ambayo ni furushi tu: vitu viwili vimefungwa pamoja visivyopaswa kufungwa pamoja, na mtu mmoja mwenye subira analifungua. Juu yake ni jaleo, zogo lenye kelele lisilo na madhara, unaweza hata kulipigia makofi. Halafu follón: watatu wamekasirika, na angalau mmoja ameshamtaja marehemu wa mwenzake. Juu ya follón kuna chungu cha nyenje, ambamo wote wanasema na hakuna anayesikiliza, na huo mkutano wa Oktoba ulikuwa hicho. Juu yake tena kuna Bethlehemu, pale watu wamejaa kila pembe, wametoka mbali, wengine na mifugo, na hakuna anayejua nani kamwalika nani. Harusi ya dada yake ilikuwa hivyo. Na kuna moja aliyoiweka kando, si juu si chini, berenjenal, yaani shamba la biringani. Kwenye hilo husukumwi na mtu. Unaingia kwa miguu yako mwenyewe, mchana kweupe, na ukishafika katikati ndipo unakumbuka kwamba biringani zina miiba.

Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa posta, kuchambua barua. Kuna Valdecardos mbili, ya Juu na ya Chini, na kabla yake barua za Juu zilikwenda Chini na za Chini zilikuja Juu. Mwanamume mmoja wa Chini alioa kwa kujibu barua ya mapenzi isiyokuwa yake, na wameishi vizuri tu, wana watoto wanne, lakini Obdulia akiwaona mpaka leo anatikisa kichwa. Alichambua miaka thelathini na moja. Katika muda wote huo barua moja tu ilipotea njia, na aliyeipoteza ni punda.

Aliolewa na Heliodoro, fundi redio, mtu mzuri sana aliyefungua kila kitu na hakufunga chochote. Ndani kwao ukitaka kukaa unainua kwanza betri. Watu tulishangaa yule mwanamke anavumiliaje. Nilimuuliza siku moja, akaniambia kwamba mume akiwa na mpangilio yeye angefanya nini jioni. Heliodoro alipofariki aliacha beseni la kuogea limejaa skrubu. Obdulia alijifungia nalo siku tisa, urefu ule ule wa sala za marehemu, na siku ya kumi akatoka na mitungi arobaini na sita yenye vibandiko. Hapo tena hakikubaki cha kupanga. Watoto hawakujaliwa. Mpwa yuko Bilbao, anapiga simu siku ya Pasaka.

Ndiyo maana Jumanne na Ijumaa, lori la samaki linapofika kutoka pwani, Doña Obdulia yuko pale tangu asubuhi kwa robo kilo ya sardini. Kununua ni dakika mbili. Anakaa muda wa saa tatu. Anajua nani yuko nyuma ya nani, nani ametoka kidogo, nani anajifanya alikuwa wa kabla. Wakibishana, wanamgeukia yeye, anaamua, na anawaambia ni lío au jaleo, na watu wanatulia kama mtu aliyeambiwa na daktari jina la kinachomuuma. Mashine ikiwekwa, Jumanne na Ijumaa zinakuwa kama Jumatano. Hilo hakulisema hata mara moja. Alisema tu vikaratasi vinachafua sakafu.

Sasa twende tarehe ishirini na tatu ya Desemba.

Kesho yake ni mkesha wa Krismasi, na hakuna nyumba Valdecardos inayokubali kukaa mezani usiku huo bila samaki. Soko lilifurika. Nicanor alikuwa na changu wekundu tisa, wamelazwa juu ya barafu kama maaskofu, kamba makreti mawili, na chaza. Don Saturio alikuja mapema akasimama karibu na nguzo, daftari mkononi, ncha ya kalamu kwenye ulimi. Hakuwa na kitu cha kununua. Alikuwa anasubiri watatu wakasirike.

Doña Obdulia alifika, akauliza nani wa mwisho. Aliyeinua kidole ni Eutimio.

Huyu Eutimio alikuwa kinyozi, kastaafu. Ni mtu mpole, hana neno na mtu, ila kichwani mwake mna upepo. Enzi zake alikuwa anakunyoa upande mmoja, anachungulia dirishani kuona nani anapita, na akirudi anaanza tena upande ule ule. Nusu ya wanaume wa mji wetu walitembea na kichwa cha upande. Basi Eutimio akainua kidole, Obdulia akachukua nafasi nyuma yake, na Eutimio akatoka kwenda kupiga kahawa.

Hakukawia. Dakika nne, kama tano. Bahati mbaya katika hizo dakika tano hakuingia mtu mwingine. Na Obdulia muda huo hakuwa anatazama mlango. Alikuwa anaitazama kalamu ya Don Saturio, kila ikienda ulimini moyo wake unaenda nayo.

Eutimio akarudi, kashasahau kwamba alikuwa ameshapanga foleni. Akauliza kama mtu anayeingia, "Nani wa mwisho?"

Na Doña Obdulia, bila kugeuka, akainua kidole. "Mimi."

Nilimwona. Nilikuwa nachota zeituni na kijiko kikaniganda mkononi, lakini kusema kweli wakati ule sikuelewa nilichokiona. Niliona tu kama kuna kitu kimefungwa vibaya. Eutimio akasimama nyuma ya Obdulia. Akaja Tomasa, akamfuata Eutimio. Baada ya Tomasa wakaja wengine kumi na sita, wanaume kwa wanawake, kila mmoja nyuma ya mwenzake kama inavyotakiwa.

Nicanor alihudumia waliotangulia mmoja mmoja, akiwaita malkia wangu hata wale wenye ndevu. Changu wakapungua, saba, watano, mpaka akabaki mmoja. Akapangusa kisu, akaita anayefuata.

Hakuna aliyesogea.

Akaita tena. Tomasa akasema si yeye, yeye ni baada ya Eutimio. Eutimio akasema yeye ni baada ya Doña Obdulia, na akavua kofia alipomtaja. Doña Obdulia akasema, hapana, yeye ni baada ya Eutimio.

Nicanor aliwaelekezea kisu mmoja mmoja, huku na huku, kama anayehesabu watoto. "Subirini. Wewe uko nyuma yake, na yeye yuko nyuma yako?"

Wote wawili wakakubali.

"Basi nyie ni nyoka aliyeuma mkia wake."

Mtu mmoja akasema si wahudumiwe wote kwa mpigo. Nicanor akasema ana mizani moja. Mwingine akasema basi aanze Tomasa, wale wawili wamalizane wenyewe. Tomasa akajishika kifuani. Yeye aruke foleni, siku mbili kabla ya Krismasi, mbele ya umati, halafu amtazame nani tena usoni kanisani? Akaambiwa aliye nyuma yake basi. Huyo naye akasema atamrukaje Tomasa. Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu kumi na tisa mbele ya samaki, kila mmoja anamtaka, na hakuna hata mmoja anayekubali kuwa wa kwanza. Pale kwetu unaweza kuiba kuku ukasamehewa. Ukiruka foleni wanakutajia mpaka kwenye ubatizo wa wajukuu.

Wateja wangu waliacha kutafuna. Don Saturio akasogea hatua mbili kutoka kwenye nguzo, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

Kisha ikaanza. Mwanamume mmoja wa nyuma akasema kichwa cha Eutimio ni sawa na redio ya Heliodoro, kimefunguliwa hakikufungwa. Alisema kwa hasira. Huyo mmoja. Tomasa akageuka akamwambia amwache marehemu alale. Wa pili, na marehemu ameshatajwa. Nikamwona Doña Obdulia anahesabu, midomo inacheza. Nicanor akaangalia barafu inavyoyeyuka chini ya wale kamba, akakiweka kisu chini, na uso ukaanza kumbadilika rangi kutokea shingoni. Huyo ndiye angekuwa wa tatu.

Njia ya kutokea ilikuwepo, na ilikuwa nyepesi. Eutimio alitoka, akasahau, akauliza upya. Doña Obdulia angesema tu, "Kosa lako, Eutimio," na kila mtu angeamini, kwa sababu ni Eutimio. Hata yeye mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi, kofia inazunguka mikononi.

"Nyamaza, Eutimio," Doña Obdulia akasema. Akageuka akatutazama wote. "Nilijua yuko mbele yangu. Yeye alisahau, mimi sikusahau. Aliponiuliza nilitakiwa kumwambia, we mzee, wewe uko hapa tangu zamani, kaa mbele yangu. Nikajibu bila kugeuza shingo, kwa sababu nilikuwa nailinda kalamu ya huyu bwana. Miaka yote hii nawaambia angalieni uso kabla hamjajibu. Sikuangalia."

Nicanor, aliyekuwa anakwenda kukasirika, akasahau hasira yake.

Don Saturio akauliza, kwa upole kabisa, akijua anachokifanya, kwamba kwa maoni ya Doña Obdulia neno gani liandikwe. Yeye ndiye mtaalamu.

Tulikuwa tunamwombea aseme lío. Nami niliomba, na mimi siombi ovyo. Watu wawili wamefungwa pamoja, lío ilikuwa inatosha, na hakuna ambaye angempinga.

"Andika berenjenal," akasema. "Hakuna aliyenisukuma, nimeingia mwenyewe. Na usiandike meza ya samaki. Andika jina langu."

Akaandika. Alimwuliza mara mbili linavyoandikwa.

Baada ya hapo Doña Obdulia akakata shauri la mwisho, sauti imeshuka. Anayeuliza upya amepoteza nafasi yake ya kwanza, sheria ndiyo hiyo, kwa hiyo kwa haki Eutimio yuko nyuma yake. Lakini kwa kuwa Eutimio amekwama kwa kosa la Obdulia mwenyewe, anampisha. Eutimio apite. Na Eutimio atakuwa na deni kwake, nafasi moja.

Eutimio akapita, akamnunua yule changu wa mwisho. Doña Obdulia akapata kipande cha mkia wa samaki mweupe na chaza ishirini, akafunga skafu, akaondoka bila kutazama nguzo.

Mashine haikuwekwa. Don Saturio alirudi ofisini akausoma muhtasari wa Oktoba mbele nyuma, na uliandikwa follón, umepigwa mhuri wake mwenyewe. Haukusema lolote kuhusu biringani. Boksi liko chini ya ngazi hadi leo, paka wa bucha amezalia humo mara mbili.

Ila Doña Obdulia hakuja. Jumanne ya kwanza tukasema ana mafua. Ijumaa Tomasa akapita kwake akamkuta anapanga upya mitungi ya skrubu, safari hii kwa urefu. Alimwambia Tomasa hawezi tena kumwambia mtu aangalie uso. Alirudi baada ya sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, akasimama mwisho kabisa karibu na mlango, akanunua, akaondoka. Watu wakibishana na kumgeukia, anasema amestaafu, hajui. Wakaanza kuamua wenyewe. Wiki moja tu tulipata mazogo mawili, chungu cha nyenje kimoja, na kitu kingine cha Alhamisi ambacho hatukujua tukiite nini, kwa sababu Alhamisi hakuna hata samaki.

Aliyehangaika kuliko wote ni Eutimio. Deni lilimkaa kooni kama mwiba. Akamwona Doña Obdulia kwenye duka la dawa, akampisha mbele yake. Doña Obdulia akakataa, akamwambia hilo ni deni la samaki, halilipwi kwa aspirini. Akamngojea kwenye mkate, akakataliwa. Akampisha kwenye kitubio, kanisa tupu, wako wawili tu. Hapo Doña Obdulia alimwambia, na padre alisikia, kwamba nafasi isiyo na mtu nyuma si nafasi, ni kiti. Hata kwa Nicanor alijaribu, Jumanne moja ya baridi, watu hawapo. Akaambiwa asubiri foleni ya kweli. Nilimwambia Eutimio, mwenzangu, huyu mama hataki ulipe, anataka kukaa na huzuni yake. Akanijibu kwamba anajua, lakini yeye changu yule alimla, na kila akimkumbuka tumbo linamuuma.

Ikaja Kwaresima. Ijumaa ya pili, nyama hailiwi, kila chungu cha mji kinataka chewa wa chumvi na dengu, na meza ya Nicanor ilizungukwa na watu ishirini na wawili. Eutimio alikuwa amefika kabla hapajapambazuka vizuri. Doña Obdulia alichelewa, akauliza nani wa mwisho, akajibiwa na kijana wa benki, akasimama mlangoni kama kawaida yake.

Nicanor akaita anayefuata. Ilikuwa zamu ya Eutimio. Hakusogea. Akavua kofia, akageukia mlango.

"Nafasi yangu ni ya Doña Obdulia," akasema. "Namdai... yaani ananidai."

Zikazuka kelele pale pale. Tomasa akasema haiwezekani, yule yuko nyuma kabisa, akiletwa mbele sote tunasukumwa nafasi moja, na hatukula changu wa mtu. Mwingine akasema deni ni deni. Mwingine akasema deni la Eutimio lilipwe na Eutimio. Na yeye Eutimio atakwenda wapi, atasimama hapo hapo pembeni? Basi ni wawili wanaingia kwenye nafasi ya mmoja. Hasira zikaanza kupanda, mmoja, wawili, na hakuna aliyejua sheria, kwa sababu jambo kama hilo halijawahi kutokea. Don Saturio akachungulia kutoka ofisini. Halafu, bila mtu kuamuru, kelele zikakatika na watu wote ishirini na wawili wakamgeukia mwanamke aliyesimama mlangoni.

Doña Obdulia akasema amestaafu.

Tulimtazama tu. Nicanor alishika chewa kwa mkia, akangoja.

Akahama mguu mmoja kwenda mwingine. Nikaona midomo imeanza kucheza. Akainua kidole, akatuhesabu, akarudia, akamtazama kila mmoja usoni, mmoja mmoja, mpaka kijana wa benki akaona haya.

"Hasukumwi mtu," akasema. "Mimi nachukua yake, yeye anachukua yangu. Atasimama hapa mlangoni nyuma ya huyu kijana. Waliopo katikati wanabaki walipo. Na hiyo ni lío ndogo, Tomasa, nyoosha uso."

Tomasa akaunyoosha. Watu wakaachia njia. Doña Obdulia akapita katikati yao, kapu mkononi, hana haraka, na Eutimio akapita upande wa pili kuelekea mlangoni, uso unang'aa kama mtu aliyetoka kitubioni. Walipopishana hawakusemezana. Nicanor akamuuliza malkia wangu anataka chewa kiasi gani. Akasema hataki chewa, anataka sardini, robo kilo, na asimwekee zile zilizolegea.

Alipofungiwa sardini zake hakuondoka. Alirudi mpaka mlangoni, akasimama kando ya Eutimio, ambaye sasa alikuwa na watu ishirini na mmoja mbele yake na hakuonekana kujali. Wakati huo huo mwanamke mmoja akaingia, anakung'uta mvua kwenye koti, akauliza nani wa mwisho. Eutimio akafungua mdomo, akaduwaa, akaanza kutazama huku na huku kama kawaida yake.

"Ni huyu hapa," Doña Obdulia akamwambia yule mwanamke. "Mwangalie uso vizuri." Kisha akamgeukia Eutimio, akahamisha sardini zake mkono wa pili. "Tumemalizana, mzee."